Kinanda Kimeunganishwa na Laptop: Mafunzo Niliyopata

Kinanda chetu cha kidijitali kilipangwa sauti kiwandani kwa ajili ya ukumbi ambao si wetu. Kanisa letu lina paa la bati, sakafu ya vigae na madirisha yanayokaa wazi mwaka mzima. Kazi ya kukirekebisha kwa kompyuta iliniangukia mimi, mpiga kinanda.

1. Waya wa MIDI haubebi sauti. Tangu mfumo huo ulipotoka mwaka 1983 unabeba maagizo tu: noti gani imebonyezwa (C ya kati ni namba 60), kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Programu ya kuhariri husoma mipangilio iliyomo kwenye kinanda kisha huirudisha ikiwa imebadilishwa, kwa hiyo mawasiliano lazima yaende na kurudi. OUT ya kinanda iingie IN ya kompyuta, na OUT ya kompyuta iingie IN ya kinanda. Vinanda vingine hutumia waya wa USB, na hapo mambo ni mepesi. Kabla ya kununua kinanda cha mtumba, uliza kama programu yake hupewa mwenye kinanda. Wapo watengenezaji wanaoiachia mikononi mwa mafundi wao tu.

2. Ukisikia mvumo mzito spikani mara baada ya kuunganisha, chomoa chaja ya laptop, utumie betri. Mara nyingi huo ni mvumo wa umeme, wa Hz 50, unaopita kwenye waya za ethi.

3. Kanisa tupu linadanganya. Jumamosi jioni kila stopu (sauti ya kuchagua kwenye kinanda) iliyo kali inachoma masikio, nawe unashawishika kuipunguza. Jumapili watu wamejaa, miili na nguo zao zinameza sauti za juu, mwangwi unafupika, na kinanda ulichokilainisha kinasikika kama kimefunikwa blanketi. Siku hizi naiacha miksicha, ile stopu ya sauti za juu, iwe kali kupita kidogo ninavyopenda. Tena sihariri nikiwa nimekaa kwenye benchi la kinanda. Mwanakwaya mmoja hushikilia noti, mimi natembea hadi viti vya nyuma, nasikiliza, narudi. Inachosha, lakini waumini hawakai kwenye benchi langu. Noti inayopiga kelele kuliko jirani zake nairekebisha yenyewe pekee. Programu nyingi huruhusu hilo, na kwangu ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

4. Programu haiongezi ukubwa wa spika. C ya chini kabisa ya pedali, kwa stopu ya futi 16, ni takriban Hz 33. Spika ndogo haiwezi kuitoa, na ukiilazimisha kwa kupandisha besi itakoroma tu. Fedha ziende kwenye spika ya besi kwanza.

5. Kwa makanisa yenye tarumbeta: joto hupandisha sauti ya shaba. Kinanda kilichowekwa A ya Hz 440 kitabaki chini yao kadiri ibada inavyoendelea. Nusu toni ina senti 100. Kupandisha senti chache tu kunatosha, ila wasikilize wapigaji wenyewe, usiangalie skrini.

6. Kabla ya kugusa chochote, hifadhi mipangilio ya kiwandani. Nakala moja ikae kwenye flashi kabatini pamoja na vitabu vya nyimbo, nyingine nyumbani kwa mtu asiye mpiga kinanda.