MBONO KABURI: UZIO WA SHAMBA NA MBEGU ZA KUPIKIA

Mbono kaburi unaujua. Ni ule mti mlaini wenye utomvu ambao wazee wetu waliupanda kando ya makaburi na kuzunguka mazizi, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi hawapendi kula majani yake. Asili yake ni nchi za Marekani ya kati na kusini. Mbegu zake zina mafuta mengi, na kilo ya mbegu kavu hutoa joto kubwa kuliko kilo ya kuni kavu. Kwa hiyo mkulima mwenye uzio wa mbono ana kuni za aina yake mpakani mwa shamba, wala haimlazimu mama kwenda mbali msituni kwa kila chungu cha chakula.

Lakini ukizitia mbegu hizo katika mafiga matatu, zitatoa moshi mweusi wa kuumiza macho na kifua. Zinataka jiko lake, nami nitalieleza hapa chini. Kwanza tuanze na shamba.

Kupanda na kutunza

Panda mbono mpakani tu. Usiung'oe mhindi wala mtama ili kuupisha. Kati ya mwaka 2005 na 2010 yalikuja makampuni Kisarawe, Kilwa na kwingineko yakitaka maelfu ya hekta za kupanda mbono kwa ajili ya mafuta ya magari. Miradi ile mikubwa haikudumu. Watu waliambiwa kwamba mti huu huzaa sana hata katika ardhi mbovu isiyo na mvua, na hilo si kweli. Katika ardhi mbovu mbono huishi, lakini kuishi si kuzaa.

Kata vipandikizi kutoka matawi yaliyokomaa, vyenye urefu wa nusu mita hadi mita moja, mwishoni mwa kiangazi. Vifukie kina cha shibiri moja, na nafasi kati ya kimoja na kingine iwe shibiri moja pia, yaani sentimita 25 hivi. Mvua ya kwanza ikinyesha vitashika. Kama mpaka wako uko kwenye mteremko na udongo unachukuliwa na maji, changanya na miche ya mbegu, kwa sababu mche wa mbegu hushusha mzizi mkuu, na kipandikizi hakina mzizi huo.

Pogoa kila mwaka wakati wa kiangazi, majani yanapopukutika. Maua hutokea kwenye ncha za matawi, basi uzio uliopogolewa hutoa ncha nyingi, na mikono huyafikia matunda bila ngazi. Tena mbono ni wa ukoo mmoja na muhogo. Mimi simshauri mtu aupande ubavuni mwa shamba la muhogo.

Hesabu ya mbegu

Huko Mali, ambako nyua za mbono zimepimwa, uzio ulitoa kadiri ya gramu 800 za mbegu kwa kila mita kwa mwaka. Shamba la mraba la ekari moja lina mzunguko wa mita 250 hivi. Hizo ni kilo 200. Tuseme upishi mmoja unakula kilo moja: utapika mara 200, na nyumba inayopika mara mbili kwa siku hupika mara 730 kwa mwaka. Uzio wa ekari moja, basi, hautakulisha moto mwaka mzima. Weka mbegu kwa ajili ya masika, kuni zinapolowa, na siku nyingine tumia magunzi makavu ya mahindi yaliyokatwa vipande vidogo katika jiko lilelile. Pima kwako mwenyewe, maana ardhi hazifanani.

Chuma matunda yaliyogeuka manjano au kahawia, siyo mabichi. Ondoa ganda la nje, anika mbegu juani mpaka zikauke kabisa. Kazi ya kumenya ni ya kuchosha, na nimeona nyumba nyingi zikiwaachia wanawake peke yao. Baba na vijana wasaidie.

Hatari: Mbegu hizi ni sumu. Zina ladha tamu kama karanga, na hapo ndipo mtoto anapodanganyika. Akila chache tu atatapika na kuharisha vibaya. Asilazimishwe kutapika; apelekwe zahanati upesi, na mbegu moja ichukuliwe ili mganga aione. Hifadhi gunia juu, mbali na chakula, na nawa mikono baada ya kumenya.

Jiko lenyewe

Fundi bati anaweza kulitengeneza. Ni kopo ndani ya kopo, na nafasi kati yao. Kopo la ndani lina matundu chini, na mzunguko wa matundu karibu na mdomo. Jaza mbegu, lakini zisifike matundu ya juu. Weka juu yake vijiti vikavu au majani makavu, uwashe juu, siyo chini. Moto hushuka polepole. Mbegu hutoa gesi, gesi hupanda na kukutana na hewa ya matundu ya juu, ikaungua hapo. Moshi wenyewe ndio unaokuwa moto. Usiongeze mbegu wakati jiko linawaka, maana moto utazimika na moshi utajaa nyumba. Kama upishi ni mrefu, uwe na kopo la pili lililojazwa tayari.

Washa nje, kisha uingize likishika. Jiko safi namna gani halibadili haja ya dirisha jikoni.

Mwali ukizima hubaki makaa mekundu. Hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usiyaache katika nyumba ya kulala. Yatoe nje, yamwage katika debe na kulifunika mpaka yapoe. Makaa yaliyozimika changanya na samadi kwenye shimo la mboji.