Mabadiliko ya tabianchi: Tunawarithisha nini vijana wetu?

NENO tabianchi sasa linatajwa kila mahali, kwenye hotuba za viongozi, kwenye semina na hata kwenye baadhi ya khutba za Ijumaa. Lakini kila ninapowauliza vijana katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha kwamba jambo hili linawahusu vipi, wengi hunitajia theluji ya Kilimanjaro na dubu weupe wa ncha ya kaskazini. Hakuna anayetaja kiwanja. Hakuna anayetaja kazi atakayofanya. Ndugu msomaji, nadhani hapo ndipo elimu hii ilipokwama. Imefundishwa kama habari za mbali, ilhali inahusu mahali atakapolala mtoto wa Kigogo au Mchikichini ifikapo mwaka 2050.

Hebu tuanze na neno lenyewe, kwani wengi hulichanganya na hali ya hewa. Hali ya hewa ni mvua ya leo na jua la kesho. Tabianchi ni mazoea ya mahali, yaani wastani wa mvua, joto na upepo unaopatikana kwa kupima miaka mingi, kwa kawaida 30. Babu zetu hawakuwa na neno hili lakini elimu yake walikuwa nayo. Nahodha wa jahazi aliijua miezi ya kaskazi na ya kusi, na mkulima alijua atie mbegu lini. Mipango yote ya maisha ilisimama juu ya mazoea hayo. Kinachotokea sasa ni kwamba mazoea yenyewe yanahama.

Sababu yake si siri. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vikichomwa hutoa hewa ya ukaa, nayo hukaa angani kama blanketi na kuzuia joto la ardhi lisitoke. Kabla ya zama za viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa zilikuwamo kama 280 za ukaa huo. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, takriban nyuzi 1.5 juu ya zama zile. Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea jasho la Februari atacheka: nyuzi moja na nusu ni kitu gani? Jibu liko kwenye mvua. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Mvuke huo ukishuka, hushuka kwa mkupuo.

Sasa tuutazame mji wetu. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 hapa Dar es Salaam, na familia za bonde la Msimbazi zikapewa viwanja Mabwepande. Baadhi walirudi bondeni, kwa sababu Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na tumbo halingoji mipango miji. Tusiwacheke. Karakana ya mabasi yaendayo haraka nayo ilijengwa pale pale Jangwani, ikafurika zaidi ya mara moja, na walioijenga hawakuwa maskini wasio na ramani. Aprili 2024, aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za El Nino zilikuwa zimeua watu 155 nchini. El Nino ilikuwapo tangu enzi. Jipya ni kwamba sasa inakuja juu ya bahari na hewa ambavyo tayari vimepata joto.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wanisikilize, na wazazi zaidi. Sensa ya 2002 ilihesabu watu kama milioni 2.5 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu milioni 5.38. Viwanja vya mwinuko vimepanda bei, na kinachobaki kwa bei ya mtu wa kawaida mara nyingi ni bondeni. Mzazi anajinyima miaka 15, ananunua kando ya mto, anasema anamwachia mwanawe. Dalali naye ni hodari, humpeleka Agosti, udongo ukiwa mkavu na mto umelala kama mfereji. Faraidh inagawa kilichopo. Nimeshuhudia ndugu wakivutana juu ya mirathi ya nyumba ambayo choo chake kilikuwa tayari kimeingia mtoni, kila mmoja akidai fungu lake kwa hati iliyopimwa kabla mto haujala ukingo. Hesabu ya marehemu baba yao ilikuwa sahihi kwa mvua za ujana wake.

Si ardhi tu inayoyumba hivi. Zanzibar kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Paje na Jambiani, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya akina mama. Fedha yake imesomesha watoto. Zipo aina mbili kuu, spinosum na kotonii, na kotonii ndiyo yenye bei nzuri. Lakini kotonii haistahimili maji ya moto. Wakati wa bamvua, maji yakitoka sana mchana wa kaskazi, yale yanayobaki kwenye madimbwi ya pwani huchemka juani, mwani ukapauka na kukatika. Dawa inayotajwa na wataalamu ni kulima kwenye maji ya kina. Sawa, lakini kina kinataka mashua na kinataka mtu anayejua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawana mashua wala hawakufundishwa kuogelea. Binti aliyetegemea kurithi kazi ya mama yake anarithi vigingi na kamba. Kumfundisha binti huyo kuogelea, kwa stara yake na mwalimu wa kike, ni sehemu ya elimu ya tabianchi, ingawa sijaiona katika semina yoyote.

Na Hijja je? Juni 2024 joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301. Wengi wao walikuwa mahujaji wasio na vibali, waliotembea mwendo mrefu juani bila hema. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Hijja huzunguka majira yote kwa miaka ipatayo 33. Sasa inaelekea kwenye miezi ya baridi. Itakaporudi Agosti na Julai, itakuwa katikati ya karne hii. Kijana wa miaka 20 leo atakuwa na 45 au 50, umri ambao wengi wetu ndio kwanza hupata uwezo wa kwenda.

Kuna watakaosema, mbona sisi hatukuchafua hewa? Ni kweli. Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 5 ya hewa hiyo chafu kila mwaka, na dhulma hiyo isifunikwe kwa maneno laini ya misaada. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria katika visiwa vya Pasifiki waliamua kuipeleka dhulma hii mahakamani. Nchi ndogo ya Vanuatu ikawabeba, Umoja wa Mataifa ukakubali mwaka 2023, na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni yake: mataifa yana wajibu wa kisheria kulinda tabianchi, na anayeukiuka anaweza kudaiwa fidia. Kazi hiyo ilianzia darasani. Vijana wetu wanaosoma sheria wasiishie kwenye kesi za mirathi na talaka.

Ila fidia ya Ulaya na Marekani haitafika kabla ya masika ijayo, na yapo yanayowezekana mtaani. Chukua paa la msikiti. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 300 za mraba, mvua ya milimita 50, ni lita 15,000, yaani matangi matatu makubwa. Misikiti mingapi inanunua maji ya boza kwa ajili ya udhu, huku mvua ya paa lake ikimwagwa mtaroni ikamfurikie jirani wa bondeni? Mafundi wa kufunga mabomba hayo na kupanga mitaro ndio watakaohitajika miaka hii ijayo, na kazi hiyo haihitaji shahada.

Na wewe unayelipia kiwanja mwezi huu, usimpe dalali fedha kabla hujakiona kiwanja hicho wakati wa masika. Kama huwezi kungoja, waulize wazee wa mtaa maji ya 2011 yalifika wapi, uende ukapime mwenyewe urefu wa alama hiyo. Kisha ongeza, kwa sababu nyumba hiyo ataishi mwanao.