Mtu Mzima Arudipo Chuoni: Namna ya Kuzisoma Alama za Mtihani wa Kupimwa

Huko Marekani, mtu aliyeacha masomo miaka kumi au ishirini iliyopita aweza kuingia chuo cha jamii kilicho karibu na kwake, hata akiwa na kazi na watoto. Miongoni mwao wamo Wakongo, Wakenya na Watanzania waliohamia nchi hiyo. Lakini kabla ya kupangiwa darasa, vyuo vingi humtaka kwanza afanye mtihani wa kupimwa, na mara nyingi hupewa alama zake papo hapo. Wako wanaoitazama karatasi hiyo wakadhani wamekataliwa, wakaenda zao.

Mtihani ujulikanao sana huitwa ACCUPLACER, nao hutungwa na College Board. Ndani yake hamna kufaulu wala kushindwa. Kazi yake ni kuonyesha mahali pa kumwanzishia mwanafunzi. Tangu mtihani wa namna mpya ulipotolewa mwaka 2016, alama za kusoma, kuandika na hesabu huanzia 200 na kuishia 300. Basi aliyepata 250 asifikiri amepata zaidi ya robo tatu ya maswali. Yuko katikati ya kipimo. Insha ina kipimo chake, 1 mpaka 8, na mitihani ya Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo huenda kutoka 20 mpaka 120. Kwa hiyo 100 katika huu wa mwisho si alama ndogo hata kidogo.

Jambo jingine huwatisha wengi. Mtihani hufanywa kwa kompyuta, na kila jibu huamua swali litakalofuata. Anayejibu vema huletewa maswali magumu zaidi. Basi mtu kutoka chumbani akilalamika kwamba maswali yalimshinda nguvu si dalili kwamba alama zake ni mbaya.

Baada ya hapo hutazamwa jedwali la chuo chenyewe. College Board haiweki kiwango cha kuingilia darasa. Kila chuo hujiwekea. Alama 250 za hesabu zaweza kumfungulia mtu mlango katika chuo kimoja, na katika chuo cha jirani zikampeleka kwenye masomo ya matayarisho. Masomo hayo yana faida kwa mwenye kuyahitaji, lakini hulipiwa ada, na kwa kawaida hayahesabiwi katika shahada. Mwenye familia apoteze muhula mzima bure, hiyo si hasara ndogo.

Na hasara hiyo huwapata watu wasiostahili. Mwaka 2012 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba, katika vyuo walivyovichunguza, karibu mtu mmoja katika wanne waliopimwa hesabu, na mmoja katika watatu waliopimwa Kiingereza, walikuwa wamepangwa mahali pasipowafaa kabisa. Wengi waliwekwa chini mno. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2017 kuvitaka vyuo vyake vya jamii vitazame alama za shule ya sekondari, wala visimpeleke mtu kwenye matayarisho bila sababu ya nguvu.

Mtu mzima ana shida yake ya pekee: mtihani hauwezi kutenganisha aliyesahau na asiyepata kufundishwa. Mfanya biashara hupiga hesabu ya faida kwa mia kichwani, lakini akiulizwa kugawanya sehemu kwa sehemu, hukwama, kwa kuwa hajafanya hivyo tangu utoto. Mtu kama huyu yafaa ajikumbushe majuma machache kabla ya kupimwa. College Board hutoa mazoezi bila malipo. Kama amekwisha kupimwa, na aulize ofisini mambo matatu kabla ya kujiandikisha: alikosa alama ngapi kufikia darasa la juu, aweza kurudia mtihani lini na kwa ada gani, na je, vyeti vyake vya zamani, hata vya nchi nyingine, vyaweza kutazamwa pamoja na alama hizo.