Programu Mpya na Kumbukumbu za Zamani za Mgonjwa

Mkazi wa Ikoma mwenye maradhi ya muda mrefu huacha taarifa zake mahali pengi: zahanati ya karibu, Mugumu yalipo makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, Musoma, na pengine Hospitali ya Bugando jijini Mwanza alikopelekwa kwa rufaa. Katika miaka hiyo kompyuta hubadilishwa na programu hutolewa matoleo mapya. Hata hivyo, picha ya kifua iliyopigwa miaka kumi iliyopita ndiyo inayoweza kumsaidia daktari kutofautisha kovu la kifua kikuu cha zamani na ugonjwa mpya. Faili hiyo isipofunguka, daktari hukosa cha kulinganisha.

Kwa upande wa picha, suala hili limeshughulikiwa vizuri. Picha za eksirei, CT na MRI huhifadhiwa katika muundo uitwao DICOM, uliopata jina hilo mwaka 1993 baada ya matoleo ya 1985 na 1988. Ndani ya faili kila taarifa ina namba yake. Jina la mgonjwa, kwa mfano, hukaa kwenye namba 0010,0010. Taarifa isiyohitajika tena hustaafishwa, lakini namba yake haipewi jambo jingine kamwe. Programu ikikuta namba isiyoifahamu, huiruka na kuendelea kusoma.

Mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa haina nidhamu hiyo kila mahali. Tena, faili inayokataa kufunguka si hatari kubwa kuliko zote, maana kosa lake huonekana papo hapo. Inayotisha ni ile inayofunguka na kusomwa vibaya. Tuseme toleo jipya limeongeza swali la mzio wa dawa. Kumbukumbu za zamani hazina jibu la swali hilo. Programu ikijaza “hapana” badala ya “hajaulizwa”, mwenye mzio wa penisilini ataonekana salama, na sindano itachomwa. Ndivyo ilivyo pia kwa vizio: sukari ya 126 mg/dL ni sawa na 7 mmol/L. Mfumo ukibadilisha kizio bila kubadilisha namba zilizokwisha kuandikwa, majibu ya zamani yatageuka upuuzi.

Takwimu za MTUHA zinazoingizwa katika DHIS2 nazo zimo katika hatari hiyo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Malaria iliyothibitishwa kwa kipimo na ile iliyokisiwa kwa dalili ni mambo mawili. Yakiwekwa katika kisanduku kimoja chini ya jina lilelile, grafu itaonyesha ugonjwa umepungua ilhali kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Kisanduku kipya kifunguliwe, na cha zamani kibaki na maana yake.

Kabla ya kupokea toleo jipya, kituo kinashauriwa kuhifadhi nakala kamili ya data na kufungua katika toleo hilo kumbukumbu chache za kila mwaka, zikilinganishwa na rejista za karatasi. Mafaili yaandikwe namba ya toleo lililoyatengeneza. Mgonjwa anayehamishwa aombe majibu yake yaliyochapishwa, yenye tarehe, kizio na jina la kipimo, na ayatunze pamoja na kadi yake ya kliniki.