Mtoto haongezi kilo: namba ya daktari inasema nini?

SWALI: Binti yangu ana mwaka mmoja. Alipokuwa na miezi sita alipimwa kilo 6.8, miezi tisa 6.9, na juzi tulipokwenda kliniki bado ni 6.9. Hana homa na anacheza, ila hakui. Kwenye karatasi ya hospitali wameandika R62.8. Mama mkwe anasema ni chirwa, jirani anasema ni udogo wa ukoo. Je, huu ni ugonjwa gani? Na ni kweli wanamaanisha simlishi mtoto? – Mama wa Ukunda, Kwale

JIBU: Mama, R62.8 si jina la ugonjwa, wala hakuna mahali inaposema kwamba humlishi mwanao. Namba hiyo inatoka kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi. Katika orodha hiyo herufi ya mwanzo huonyesha fungu, na herufi R ni fungu la dalili ambazo chanzo chake hakijabainika. Utapiamlo hauko huko. Umewekwa kwenye herufi E, kuanzia E40 ambayo ni kwashakoo, E41 ambayo ni mtoto aliyekonda akabaki ngozi na mifupa, hadi E46. Kwa hiyo aliyeandika R62.8 amesema jambo moja tu, kwamba mtoto huyu haongezeki inavyotarajiwa na bado hatujajua kwa nini. Kwa siku ya kwanza hilo ni sahihi, tena ni uaminifu. Kosa huanza pale namba hiyo inapoachwa peke yake kwenye faili mwezi baada ya mwezi, kana kwamba kazi imekwisha. Msimamo wangu ni kwamba mzazi ana haki ya kuona R62.8 ikifuatwa na namba nyingine inayotaja sababu, na ana haki ya kuiulizia.

Tazama kilo za binti yako zinavyojieleza. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, uzito wa kati wa msichana wa miezi sita ni kilo 7.3, wa miezi tisa 8.2, na wa mwaka mmoja 8.9. Mstari ambao mtoto akishuka chini yake huhesabiwa kuwa na uzito pungufu uko kwenye kilo 5.7, kisha 6.5, kisha 7.0. Akiwa na miezi sita, binti yako alikuwa nyuma kidogo tu ya wenzake. Miezi tisa alikuwa bado juu ya mstari, na mtu aliyetazama kipimo cha siku hiyo pekee angeweza kukwambia hana neno. Lakini alikuwa ameongeza gramu mia moja tu kwa miezi mitatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ishara. Leo yuko chini ya mstari. Ndiyo maana kile kijitabu cha mama na mtoto kina mchoro: nukta moja haisemi mengi, ila nukta tatu zilizounganishwa zikaonyesha mstari uliolala badala ya kupanda zinatosha kumfanya mhudumu aulize maswali.

Jirani anasema ni udogo wa ukoo. Si hoja ya kupuuzwa, kwa sababu wapo watoto wadogo wa maumbile wenye afya njema kabisa. Lakini mtoto wa namna hiyo hupanda akifuata mstari wake wa chini, hasimami miezi sita. Tena viwango hivi, vilivyotolewa mwaka 2006, havikutokana na watoto wa Ulaya peke yao. Kati ya 1997 na 2003 walipimwa watoto wapatao 8,440 kutoka nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Waliochaguliwa walikuwa watoto walionyonyeshwa vizuri na kuishi katika mazingira yenye afya, na urefu wao ukaonekana kukaribiana sana kuanzia Accra hadi Muscat. Mtoto mdogo anayepata chakula na afya hukua karibu sawasawa popote alipo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwa jirani zetu wa Kilifi ni asilimia 37. Mtu hawezi kusema pengo hilo ni la damu. Mazingira yana mkono hapo.

Kuhusu chirwa, nasema kwa heshima ya wazee wetu. Kwao, mtoto anayenyauka ni ishara kwamba wazazi wamevunja mwiko wa unyumba, na Waswahili nao husema amebemendwa. Wazee waliona jambo la kweli, kwamba mtoto anadhoofika, wakalitafutia sababu. Tatizo ni kwamba sababu hiyo humfanya mama aone haya, afiche mtoto na kuchelewa kliniki. Wala wazee wetu si peke yao waliowatwika mama lawama. Kwa miongo mingi madaktari wa Ulaya na Marekani waliwagawa watoto wasiokua mafungu mawili, wenye ugonjwa wa mwili na wasio nao, na hao wa pili mara nyingi waliandikwa kuwa mama zao hawawapendi au hawawajali. Mgawanyo huo sasa umeachwa kwa sehemu kubwa, maana kwa watoto wengi lishe, maradhi na hali ya nyumbani huchanganyika.

Huku Kwale mchanganyiko huo unajulikana vizuri. Miaka ya 1980, Lani Stephenson wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake, akiwemo Stephen Kinoti wa Kenya, waliwafuatilia wanafunzi wa shule za msingi wa Kwale waliokuwa na kichocho na minyoo. Waliopewa dawa waliongeza uzito zaidi ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wale walikuwa wakubwa kuliko binti yako, na tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa kugawa dawa za minyoo kwa kila mtoto bila kupima hakuongezi sana uzito wa kundi zima. Kwangu matokeo haya mawili hayapingani: dawa humsaidia mwenye ugonjwa, kwa hiyo lazima ajulikane nani anaumwa nini. Kwa mtoto wa mwaka mmoja orodha ya kuchunguza ni pana zaidi. Kuna malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, maambukizi ya njia ya mkojo, moyo wenye kasoro ya kuzaliwa, na kuhara kunakojirudia. Na kuna chakula chenyewe. Tumbo la mtoto wa kilo saba hubeba takriban mililita 200 kwa mlo, yaani kikombe kidogo. Ukikijaza uji mwepesi wa mahindi, atashiba maji. Uji mzito uliotiwa tui la nazi au karanga zilizosagwa, pamoja na dagaa waliopondwa na maharagwe, humpa nguvu nyingi zaidi katika kikombe kile kile. Kwa ule uji mwepesi, mama anaweza kulisha mara nne kwa siku, kwa upendo wote, na mtoto asiongeze kitu.

Wapo watakaosema kwamba namba ni mambo ya makarani na ya bima, na kwamba muda huo ungetumika kutibu. Naelewa, hasa kwa mhudumu mwenye foleni ya akina mama tangu alfajiri. Lakini namba ndiyo inayohesabiwa. Mtoto aliyelazwa kwa kuhara akaandikwa kuhara peke yake, ilhali pia amekonda, haingii kwenye hesabu ya utapiamlo ya kaunti, na ile lishe ya pakiti ya kutibu utapiamlo huagizwa kwa kufuata hesabu. Watafiti walikadiria mwaka 2013 kuwa lishe duni inachangia karibu asilimia 45 ya vifo vya watoto chini ya miaka mitano duniani, ingawa kwenye karatasi za vifo mara nyingi huonekana nimonia au kuhara. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2022, uliowafuata watoto waliolazwa katika nchi sita, hospitali ya Kilifi ikiwemo, ulikuta karibu nusu ya vifo vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani. Ikiwa karatasi ya kuruhusiwa haikutaja hali ya lishe, zahanati itakayompokea itajuaje imfuatilie?

Basi rudi kliniki wiki hii, usingoje tarehe ya chanjo. Omba apimwe urefu akiwa amelala, kwa sababu kilo bila urefu hazionyeshi kama amekonda au amedumaa. Omba apimwe mkono kwa utepe: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa wastani. Vipimo hivyo vinaweza kuihamisha namba yake kutoka R62.8 hadi E44 au E45, na hapo matibabu yanabadilika. Uliza damu, mkojo na choo vimepimwa au la, eleza bila woga anakula nini na mara ngapi, na uendelee kumnyonyesha mpaka atimize angalau miaka miwili. Dawa ya minyoo huanza kutolewa mtoto akitimiza mwaka, kwa hiyo iulizie pia. Ukiona miguu yote miwili imevimba na kidole kikibonyeza kinaacha shimo, au akikataa kula na kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Iwe ni Msambweni au kituo kingine kilicho karibu, nenda na kijitabu chake, na kabla hujaondoka mwombe mhudumu aandike kilo za leo, sababu anayoishuku na tarehe ya kurudi.