Kwa Nini Dawa ya Malaria Imalizwe Hata Homa Ikishuka

Mkazi wa Kilifi aliyevuka miaka 50 anaikumbuka klorokwini: uchungu wake, na mwasho uliomfanya mtu ajikune usiku kucha. Haikuondolewa kwa sababu hizo. Iliondolewa kwa kuwa haikuwa ikiua tena vimelea vya malaria. Usugu dhidi yake ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka wa 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza, ikaweka SP. Hiyo nayo haikudumu. Mwaka wa 2004 sera ilibadilika tena, na 2006 vituo vya afya vikaanza kutoa AL, tunayoitumia hadi leo. (SP bado hupewa kina mama wajawazito kliniki ili kuwakinga, si ya kutibu homa nyumbani.)

AL ni dawa mbili ndani ya tembe moja. Artemetha huua vimelea vingi kwa kasi, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hufanya kazi polepole, hukaa mwilini siku kadhaa, nayo ndiyo humaliza vilivyosalia. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Siku ya pili mtoto anaanza kucheza, mama anaona amepona, na tembe zilizobaki zinawekwa juu ya kabati zimngoje ndugu yake. Kilichoshuka ni homa. Vimelea vilivyobaki, vile vigumu kufa, ndivyo vitakavyozaana na kubebwa na mbu hadi kwa jirani.

Dozi humezwa mara sita kwa siku tatu: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mtu mzima humeza tembe 4 kila mara, yaani 24 kwa jumla. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake. Lumefantrini huhitaji mafuta ili iingie vizuri kwenye damu, kwa hivyo imezwe na chakula. Maziwa au wali wa nazi unafaa sana. Mgonjwa akitapika mara tu baada ya kumeza, rudi kwa mhudumu wa afya.

Mwuza dawa anayekukatia tembe chache kwa kuwa pesa hazikutosha hajakusaidia. Mfamasia anayejua kazi yake atauliza kwanza kama umepimwa, maana homa ya mtoto huenda ikawa nimonia, na AL haitibu nimonia.

Tutajuaje AL ikianza kushindwa? Hapa mjini Kilifi, kando ya hospitali ya kaunti, watafiti wa KEMRI na washirika wao wamekuwa wakichunguza malaria tangu 1989. Katika utafiti wa kupima nguvu ya dawa, mgonjwa humeza dozi akiangaliwa na mhudumu, kisha hutolewa tone la damu kidoleni mara kwa mara kwa siku 28. Vimelea vikirudi, jeni zake hulinganishwa na za vile vya mwanzo: ni vilevile vilivyonusurika, au mbu ameleta vingine? Ukiombwa mtoto wako ashiriki, uliza kila unalotaka kujua. Una haki ya kukataa, na bado atatibiwa.

Nchini Rwanda na Uganda tayari vimethibitishwa vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemetha. Uganda ni jirani yetu wa mpakani, na vimelea husafiri ndani ya damu ya abiria.

Kama una tembe zilizosalia nyumbani, mpelekee mfamasia au zirudishe zahanati. Usimpe mgonjwa mwingine.