TUTENGENEZE MFANO WA NDEGE YA KWANZA



Watoto wetu hutengeneza magari na ndege kwa mabua na waya. Sisi watu wazima hupita tukasema, "Huo ni mchezo wa watoto." Leo sisi pia tutatengeneza ndege ndogo. Lakini hatutacheza. Tutajifunza kupima, na kujaribu jambo kabla ya kulifanya.

Mafundi baiskeli wawili

Katika mji wa Dayton, Marekani, walikuwako ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright. Kazi yao ilikuwa kutengeneza na kuuza baiskeli. Nia yao ilikuwa kuruka angani.

Mwaka 1901 waliunda ndege kubwa isiyo na injini. Walifuata hesabu za watu waliowatangulia. Ndege haikupanda vizuri kama walivyotazamia. Je, walifanya nini? Hawakukimbilia kuunda nyingine kubwa. Walitengeneza sanduku refu la mbao, wakaweka feni upande mmoja ili ipulize upepo. Ndani ya sanduku waliweka mabawa madogo ya bati, moja baada ya jingine. Mizani ya kupimia waliiunda kwa mabapa ya misumeno ya chuma yaliyochakaa na waya wa spoki za baiskeli. Walijaribu mabawa ya maumbo karibu 200. Bawa likiwa baya, walipoteza kipande cha bati tu. Hakuna aliyevunjika mguu.

Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao yenye injini iliruka. Mara ya kwanza ilikaa angani sekunde 12, ikaenda mita 36 hivi. Mara ya nne, siku hiyo hiyo, ilikaa sekunde 59, ikaenda mita 260. Injini ilizungusha mapangaboi mawili kwa cheni, kama baiskeli.

Tupime

Hivi ndivyo vipimo vya ndege hiyo:

Mabawa, ncha hadi ncha: mita 12 na sentimita 30.
Urefu, mbele hadi nyuma: mita 6 na sentimita 40.
Upana wa kila bawa: karibu mita 2.
Urefu wa kila pangaboi: mita 2 na sentimita 60.

Mfano wetu utakuwa wa kipimo cha 1 kwa 20. Maana yake, kila sentimita 20 za ndege yenyewe ni sentimita 1 ya mfano. Mita 1 ina sentimita 100. Gawanya 100 kwa 20, utapata 5. Kwa hiyo kila mita 1 itakuwa sentimita 5.

Tupige hesabu ya mabawa. Mita 12 mara 5 ni sentimita 60. Zile sentimita 30 ukizigawa kwa 20 utapata sentimita 1 na nusu. Jumla ni sentimita 61 na nusu. Urefu wa mfano utakuwa sentimita 32. Upana wa bawa utakuwa sentimita 10. Pangaboi litakuwa sentimita 13. Fanya hesabu hizi mwenyewe, uone kama tumekosea.

Tutengeneze

Tafuta mwanzi mkavu, kisu kikali, uzi, rula na kipande cha shuka kuukuu. Pika uji mzito wa unga wa muhogo. Huo ndio gundi yetu.

1. Pasua mwanzi upate fito nyembamba. Kata fito 4 za sentimita 61 na nusu.
2. Chukua fito 2. Funga kati yake mbavu za sentimita 10. Hilo ni bawa moja. Tengeneza la pili lilingane nalo.
3. Weka bawa moja juu ya jingine. Katikati simamisha vijiti vya sentimita 9 na nusu. Kaza kwa nyuzi za kupishana, ili mabawa yasiyumbe.
4. Mbele weka vibawa viwili vya kulala, kimoja juu ya kingine. Hivi huiongoza ndege kupanda na kushuka. Nyuma weka viwili vya kusimama. Hivi huiongoza kulia na kushoto.
5. Nyuma ya mabawa weka mapangaboi mawili. Chini usiweke magurudumu. Ndege hiyo ilikuwa na miti miwili ya kutelezea.
6. Paka gundi, ubandike kitambaa. Acha kikauke kivulini.

Sasa pima tena. Je, upande wa kulia ni sawa na wa kushoto? Kama si sawa, fungua urekebishe. Kosa la mwanzi halina gharama.

Mafunzo ya karanga

Hapa Nachingwea tunajua gharama ya kutojaribu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilikusudia kulima zaidi ya hekta milioni 1. Matrekta yaliletwa na reli ikajengwa. Lakini udongo na mvua havikujaribiwa vya kutosha kwanza. Huko Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu kama jiwe, na mashine zikaharibika. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Paundi milioni 36 hivi zilikuwa zimetumika. Haraka haraka haina baraka.

Wewe je? Labda unataka kujenga nyumba Ruangwa, ya mita 8 kwa mita 6. Tengeneza kwanza mfano wa sentimita 40 kwa sentimita 30. Utaona milango inakaa wapi, kabla ya kununua bati hata moja. Umepata mbegu mpya ya ufuta? Panda mistari michache kwanza. Ikikataa, shamba lako lingali salama.

Maswali

1. Ndugu wawili wa Dayton walikuwa na kazi gani?
2. Kwa nini walijaribu mabawa madogo kwanza?
3. Mpango wa karanga uliachwa mwaka gani? Ulikosa nini?
4. Ghala lina urefu wa mita 9 na upana wa mita 4. Mfano wake wa 1 kwa 20 utakuwa na vipimo gani?
5. Pima nyumba yako. Andika vipimo vya mfano wake, uvilete darasani.